Unguja Nayo Ni Nchi ya Machimbo

Mwanafunzi wa kidato cha pili akiulizwa ataje machimbo ya Tanzania, hachelewi kujibu. Ataanza na almasi ya Mwadui, iliyogunduliwa mwaka 1940. Atafuatisha tanzanaiti ya Mererani, iliyojulikana mwaka 1967. Kisha dhahabu ya Geita na makaa ya mawe ya Kiwira. Akiulizwa machimbo ya Unguja, atanyamaza au atacheka. Unguja, kwa mujibu wa vitabu vyake vya jiografia, ni kisiwa cha minazi, viungo, uvuvi na utalii. Vitabu hivyo havikusema uongo, ila havikusema yote. Unguja ni nchi ya machimbo, na imekuwa hivyo tangu kabla ya kujengwa msikiti wa Kizimkazi, ambao maandishi yake ya Kikufi yana tarehe inayolingana na mwaka 1107. Vinavyochimbwa ni mawe, kokoto, udongo na mchanga. Kwa kuwa hapana hata kimoja kati ya hivyo kinachong'aa, hapana anayekiita madini.

Katika nyika za Australia umekuwapo mtindo wa wasafiri kuchukua gari lenye kitanda na jiko ndani yake, wakaenda mwendo wa siku nyingi katika nchi kavu wakizuru miji ya machimbo. Hufika Broken Hill, ambako fedha, risasi na zinki zilianza kuchimbwa katika miaka ya 1880, na Coober Pedy, mji wa mawe ya opali, ambako wakazi wengi wamejichongea nyumba chini ya ardhi ili kuukimbia ukali wa jua. Hutazama mashimo, vilima vya kifusi na mitambo iliyoota kutu, na hurudi makwao wakiwa wameelewa utajiri wa nchi ile ulitoka wapi na uliacha nini nyuma yake. Unguja haihitaji gari la namna hiyo. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi na upana usiofika 40. Gari la shamba la kawaida, mikeka michache, birika la chai na madarasa mawili ya kulala njiani vyatosha kwa safari ya siku mbili. Safari hiyo yapasa ifanywe na kila shule ya sekondari ya kisiwa hiki, wala si kwa ajili ya burudani. Mchanga wa mashamba ya Unguja unachimbwa upesi, hauzaliwi upya, na watakaoukosa ni hao hao walioketi madarasani leo.

Safari ianzie Mji Mkongwe, kwa kuwa Mji Mkongwe wenyewe ni machimbo yaliyosimamishwa wima. Ukuta uliobanduka lipu, na kuta za namna hiyo hazikosekani katika vichochoro vya Shangani au Malindi, huonyesha mara moja ulijengwa kwa nini: mawe ya matumbawe yasiyochongwa, yaliyopangwa na kushikamanishwa kwa chokaa na mchanga mwekundu. Mwanafunzi akisogeza jicho karibu ataona katika jiwe lenyewe alama za nyota na vijitundu vilivyokuwa makazi ya wanyama wadogo wa baharini. Kuta hizo ni nene, nusu mita na zaidi, kwa sababu jiwe hilo ni jepesi na lenye matundu. Na vyumba ni vyembamba, mita 3 hivi, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwi ndefu kuliko mti ulivyokubali kukua. Hivyo upana wa chumba cha tajiri wa Mji Mkongwe uliamuliwa na mkoko. Jumba la Ajabu, alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilitaka kuivunja kanuni hiyo kwa nguzo za chuma na kumbi kubwa. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na kazi ya kulirudisha imewafanya wengi wakumbuke kwamba nyumba ya chokaa hutaka matengenezo ya chokaa. Lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe huzuia unyevu usitoke. Chumvi hukusanyika ndani, na ukuta huoza ukiwa umevaa nguo mpya.

Hapa mwalimu wa kemia anayo nafasi ambayo maabara nyingi haziwezi kumpa. Jiwe la matumbawe ni kalsiamu kaboneti. Likichomwa katika tanuu hadi joto la digrii 900 hivi, hutoa kabonidioksidi na kubaki chokaa hai. Katika kila kilo 100 za jiwe safi, kilo 44 huruka angani na kilo 56 hubaki tanuuni. Chokaa hai ikimwagiwa maji huchemka na kuwa chokaa ya kujengea. Na chokaa hiyo, ikiwa ukutani, hurudi kuifyonza kabonidioksidi kutoka hewani polepole, mwaka hata mwaka, mpaka inapokuwa tena jiwe. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mwamba uliovunjwa, ukachomwa, ukazimwa, ukaufanyiza mwamba upya. Ni mafundi wachache duniani waliowahi kufanya kazi ya kisayansi iliyo nzuri kuliko hii bila kuiandika.

Gari likitoka mjini kuelekea kaskazini litafuata, kwa sehemu kubwa, njia iliyopita reli. Wengi hushangaa kuambiwa kwamba Unguja iliwahi kuwa na reli. Ilifunguliwa mwaka 1905, ikajengwa na kampuni ya Kimarekani, na ilikwenda kilomita 11 hivi kutoka karibu na Ngome Kongwe hadi Bububu. Abiria waliacha kupakiwa mwaka 1922. Lakini reli iliendelea kwa miaka kadhaa kubeba mawe ya kujazia bahari katika eneo la bandari. Kwa hiyo garimoshi la Unguja lilimaliza maisha yake likiwa garimoshi la machimbo. Abiria wa meli ashukaye leo bandarini huenda anakanyaga mawe hayo asijue.

Bububu ina jambo lingine ambalo si la kupita kwa haraka, nalo ni maji. Kisiwa hiki hakina ziwa wala mto mkubwa. Mwera na Zingwezingwe ni vijito, na vijito vingi vya Unguja huingia ardhini katika mapango kabla ya kuiona bahari. Maji ya mji yalitoka tangu zamani katika chemchemi za upande huu, na Sultani Barghash ndiye aliyeyaleta mjini kwa mabomba. Chemchemi hizo ni mvua iliyonywewa na ardhi. Chini ya kisiwa maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi, kwa kuwa ni mepesi kidogo. Tofauti ya uzito ni ndogo mno, kama 1 kwa 40, na kutokana nayo imepatikana kanuni ambayo kila mwanafunzi wa kisiwani yafaa aijue kama ajuavyo jina la shule yake: mahali ambapo maji matamu ya ardhini yamesimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini yake pana akiba ya maji matamu ya karibu mita 40. Upande wa pili wa kanuni hiyo ndio wa kutisha. Uso wa maji matamu ukishuka kwa mita 1, maji ya chumvi hupanda kutoka chini kwa mita 40.

Kinachoinywesha ardhi mvua hiyo ni udongo na mchanga wa magharibi na kaskazini. Wakulima wa Unguja wanazo tangu zamani sayansi yao na majina yao: kinongo, udongo mwekundu wenye kina unaopendwa na mikarafuu; kichanga; kinamo, mfinyanzi unaotuamisha maji na kufaa mpunga; na maweni na uwanda, nchi ya mawe ya mashariki na kusini. Wataalamu wa udongo waliokuja na vyeti vyao waliyachukua majina hayo na kuyatumia katika ramani, na walifanya vyema, kwani hawakupata yaliyo bora.

Basi gari liendelee hadi Mangapwani. Hapo pana pango la asili lenye maji, na si mbali nalo pana chumba kilichochongwa katika mwamba wa matumbawe, ambamo walifichwa watu waliokuwa wakiuzwa. Wageni huonyeshwa chumba hicho, nao hulia, na ni haki yao. Mwanafunzi wa jiolojia anapaswa aongezewe neno moja: mwamba huo ulichongeka kwa zana za mkono kwa sababu ile ile iliyofanya Mji Mkongwe uweze kujengwa. Ulaini wa jiwe umetumikia hisani na umetumikia uovu.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kufika Donge na vijiji jirani vya Wilaya ya Kaskazini B, na hapa ndipo safari inapofikia jambo lake kuu. Mahali kama Donge Chechele na Pangatupu mchanga umechimbwa kwa ajili ya ujenzi wa mji na mahoteli. Anayefika kwa mara ya kwanza hutarajia shimo. Anachokikuta ni bonde. Minazi imesimama kwenye ukingo, mizizi ikining'inia hewani. Ukuta wa mchanga unaonyesha tabaka zake, nyeupe, manjano na nyekundu, kama keki iliyokatwa. Chini kabisa, mahali pengine, pana dimbwi la maji ya kijani, nalo si maji ya mvua peke yake: ni uso wa maji ya ardhini uliofunuliwa, ulioachwa wazi kwa jua, kwa ng'ombe na kwa taka.

Watu wengi hudhani kwamba mchanga wa Donge na mchanga wa ufukwe wa Nungwi ni kitu kimoja, na kwamba shimo la Donge litajaa kama ufukwe unavyojaa baada ya msimu wa kusi. Dhana hiyo inaweza kuvunjwa kwa ndimu moja. Mwanafunzi atie mchanga mweupe wa ufukweni katika kijiko, akamulie ndimu, atege sikio. Mchanga utatoa povu na sauti ndogo ya kuchemka, kwa kuwa ni kalsiamu kaboneti; ni mabaki ya matumbawe, makombe na mimea ya baharini yenye chokaa, na huendelea kutengenezwa maadamu bahari ina uhai. Kisha atie mchanga wa Donge katika kijiko kingine, akamulie nusu ya pili ya ndimu ile. Aghalabu hapatatokea kitu. Huo ni kwatzi, yaani silika, ambayo tindikali ya ndimu haiiwezi, na ambayo punje yake moja hukwaruza kioo.

Kwatzi hiyo ilitoka wapi? Unguja haina mwamba wa matale wa kuizaa. Wataalamu wa miamba huzihusisha tabaka za mchanga za kisiwa hiki na mito ya kale ya bara, iliyosaga milima ya ndani na kumwaga mchanga wake baharini mamilioni ya miaka kabla hajatokea mtu wa kuuona. Baadaye bahari ilishuka na kupanda mara nyingi. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokuwa imeyashika maji mengi ya dunia, bahari ilikuwa chini ya usawa wa leo kwa karibu mita 120, na mkondo ulio kati ya Unguja na bara, ambao kina chake ni kidogo kuliko hicho, ulikuwa nchi kavu. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, waakiolojia wamechimbua mifupa ya punda milia na nyati, wanyama ambao hawakuogelea kuja. Kisha barafu ikayeyuka, bahari ikapanda, mkondo ukajaa, na Unguja ikawa kisiwa. Tangu hapo hapana mto wa bara unaoweza kuleta punje moja ya mchanga Donge. Ufukwe una mama anayezaa mpaka leo. Mchanga wa shamba ni urithi wa marehemu.

Hesabu yake si ngumu. Chukuliwe shamba la hekta 1 lililochimbwa hadi kina cha mita 3. Hapo pametoka mita za ujazo 30,000. Mita moja ya ujazo ya mchanga mkavu ina uzito wa tani 1.6 hivi, kwa hiyo shamba hilo limetoa tani 48,000. Lori libebalo tani 8 litalipakia shamba lote kwa safari 6,000. Yakija malori 20 kwa siku, shamba halimalizi mwaka. Bwana shamba amelipwa mara moja. Shamba hilo lingeweza kumlisha yeye, wanawe na wajukuu.

Je, mchanga usichimbwe? Hapana anayeweza kusema hivyo kwa haki. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu 1,889,773. Watu zaidi ya laki tano na nusu wameongezeka katika muda wa miaka kumi, nao hawatalala juu ya miti. Tangu majumba ya Michenzani yalipoanza kujengwa kwa msaada wa mafundi wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, nyumba ya heshima machoni pa Mzanzibari imekuwa ni ya saruji, na kila sehemu moja ya saruji hutaka sehemu kadhaa za mchanga. Kijana mwenye koleo machimboni, mwenye gari la ng'ombe na mwenye lori wote wana watoto wa kulisha. Wanaowalaumu hao peke yao wakiwa wameketi katika nyumba mpya ya matofali ya saruji wangefaa waanze kwa kupima kuta zao. Wala Unguja si peke yake: Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria mwaka 2022 kwamba ulimwengu hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka, kiasi ambacho hakifikiwi na madini mengine yoyote. Mchanga wa jangwani, ulio mwingi kupita hesabu, haufai kwa zege ya kawaida, kwani upepo umezifanya punje zake kuwa laini na za mviringo, hazishikani.

Lakini kukubali kwamba mchanga lazima utumike si sawa na kukubali utumike kama usio na mwisho. Mwenye mgodi wa dhahabu hupima kwanza: akiba ni kiasi gani, itachukua miaka mingapi, shimo litafanywa nini baadaye. Mchanga wa kisiwa wapaswa uwe na hesabu hiyo hiyo, na hesabu hiyo ijulikane na wananchi kama wanavyojua bei ya karafuu. Zanzibar haikukosa vyombo vya kazi hiyo. Iko Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015, inayotaka athari zipimwe kabla ya mradi kuanza, na serikalini imekuwapo idara iliyobeba katika jina lake maneno yenye busara kubwa: maliasili zisizorejesheka. Kilichopungua ni wananchi wanaoelewa kwa nini neno hilo la mwisho liliwekwa pale, na hilo ni jukumu la shule.

Wapo wanaoshauri mchanga uletwe kwa jahazi na meli kutoka bara. Ushauri huo unahamisha shimo tu. Wakazi wa kaskazini ya Dar es Salaam wanakumbuka hoteli ya Africana, Kunduchi, iliyoachwa baada ya bahari kuila ardhi yake. Wataalamu walihusisha sehemu ya mmomonyoko ule na uchimbaji wa mchanga katika vijito vya Mbezi na Tegeta, ambavyo zamani ndivyo vilivyokuwa vikiulisha ufukwe. Wengine hutazama bahari. Mchanga wa bahari una chumvi inayokula nondo ndani ya zege usipooshwa vizuri, na kuuosha kunataka maji matamu, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakitafutiwa hifadhi tangu mwanzo. Ukichotwa karibu mno na nchi, ufukwe huteremka kuziba pengo, na kasa aliyezoea kutaga hapo hukuta ngazi.

Siku ya pili gari lielekee mashariki na kusini kwa njia ya Tunguu na Jozani. Mandhari hubadilika ghafla. Miembe na minazi hukoma, vichaka hushika, na mwamba hujitokeza juu ya ardhi, mweusi na mkali kama meno. Hii ndiyo nchi ya maweni: mwamba wa matumbawe uliokuwa chini ya maji katika zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Mkulima wa Makunduchi hupanda mtama na mihogo katika vijishimo vya udongo, kiganja kwa kiganja, na huyakusanya mawe kuwa bigili ya kuzuia nguruwe. Pembezoni mwa barabara wapo wanawake walioketi chini ya vibanda vya makuti wakivunja kokoto kwa nyundo, wakiipima kwa ndoo. Mwanafunzi aketi nao kwa nusu saa na ajaribu kujaza ndoo moja. Atajua zege ina bei gani kabla ya kufika kwa fundi.

Ajabu ni kwamba nusu ya jawabu la Donge imelala hapa chini ya miguu. Jiwe la matumbawe Unguja haina uhaba nalo kama ilivyo na uhaba wa kwatzi. Katika pwani ya Kenya, kuanzia Kwale hadi Kilifi, mawe ya matumbawe hukatwa vipande vya mraba na kujengewa nyumba za kawaida za watu wa kawaida, bila haja ya tofali la saruji. Vumbi litokalo katika uvunjaji wa kokoto laweza kuchukua sehemu ya mchanga katika tofali. Chokaa yaweza kurudi katika lipu. Hapana budi kusema pia kwamba mambo haya nayo yana gharama. Tanuu la chokaa la kienyeji hula magogo mengi, na yapo mashimo ya mawe kama yalivyo ya mchanga. Tofauti ni kwamba shimo la mwamba katika uwanda mkavu haliondoi udongo wenye kina unaolimika na unaochuja maji ya mji. Na kuti la mnazi likiwa limepunguziwa nusu ya mzigo, hudumu.

Kuhusu kutibu mashimo, pwani hii inao mfano ambao haukuhitaji kuagizwa kutoka ng'ambo ya mbali. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kaskazini ya Mombasa, kilianza kazi mwaka 1954 kwa kuchimba mwamba wa matumbawe, na baada ya miaka michache kikawa na jangwa jeupe lenye maji ya chumvichumvi karibu na uso. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo aitwaye René Haller alianza kujaribu miti humo. Aliotesha aina 26. Zilizostahimili ni 3 tu, na mmoja wao ni mvinje, mti ambao kila mtoto wa Unguja anaujua. Mvinje huishi kwa ushirika na vijidudu vilivyomo katika mizizi yake, ambavyo huitwaa naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti. Lakini majani yake yalirundikana chini yasioze. Haller akaleta jongoo, wale wekundu wa kawaida ambao watoto huwagusa kwa kijiti ili wajikunje. Jongoo wakala majani, kinyesi chao kikawa mboji, mboji ikapokea mbegu, na katika muda wa miaka pakawa na msitu, mabwawa ya samaki na wanyama. Leo pahali hapo huitwa Haller Park, na watu hulipa kiingilio kuingia katika shimo.

Shimo la Donge si shimo la Bamburi. Lina mchanga na udongo mfinyanzi, wala halina sababu ya kuwa gumu zaidi kutibika. Pengine ni rahisi. Linachohitaji ni udongo wa juu uwekwe kando siku ya kwanza ya uchimbaji badala ya kuuzwa pamoja na mengine, uchimbaji ukome mita kadhaa kabla ya kufikia maji, na kingo zilazwe mteremko badala ya kuachwa wima. Jongoo watakuja wenyewe. Kisiwa kingine duniani hakikupata nafasi hiyo. Nauru, katika Bahari ya Pasifiki, ina eneo la kilomita za mraba 21 tu, na sehemu kubwa ya katikati yake ilichimbwa fosfeti karibu karne nzima. Kwa muda fulani raia wake walihesabiwa miongoni mwa matajiri wa dunia. Fosfeti ilipokaribia kwisha, walibaki wakiishi katika ukanda mwembamba wa pwani uliouzunguka uwanja wa nguzo za mawe, mahali pasipolimika. Unguja ni kubwa mara 75 na zaidi kuliko Nauru, na ukubwa huo umewafanya watu wajione wana muda.

Kwa mwalimu atakayeifanya safari hii, yapo maneno machache ya kazi. Ruhusa iombwe kwa sheha wa kila mahali, na mwenye shimo aarifiwe. Wanafunzi wasisogee ukingoni wala chini ya ukuta wa mchanga, kwa kuwa mchanga uliokatwa wima husimama kwa unyevu tu na huanguka bila kuonya. Zichukuliwe chupa 6 za mchanga: kutoka ufukwe wa magharibi, ufukwe wa mashariki, Donge, kijito cha Mwera, shamba la kinongo na rundo la fundi karibu na shule. Ndimu zichukuliwe za kutosha. Kila chupa iandikwe mahali na tarehe. Ukingo wa shimo moja upimwe kwa kamba kutoka mti unaojulikana au nguzo ya umeme, na kipimo hicho kiandikwe katika daftari litakalobaki shuleni, ili kidato cha pili cha mwaka ujao kipime kutoka nguzo ile ile, na kinachofuata vivyo hivyo, mpaka daftari liwe na safu ndefu ya tarakimu ambazo mtaalamu yeyote wa serikali atakuja kuziomba.